Diski ya Bei Nafuu, Kutoka Hazina hadi Soweto ya Mbeya

Ukiingia kwa fundi wa kompyuta pale Soweto, jijini Mbeya, ukalalamika kwamba mashine yako ni nzito, siku hizi hatakushauri kwanza upige window upya wala uongeze ramu. Atakuambia uweke SSD, diski isiyozunguka. Mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, mnunuzi hawezi kuichagua vizuri diski hiyo asipojua ilikotoka, sababu zilizoishusha bei, na vitu vilivyoondolewa ndani yake ili bei ishuke. Inabidi tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa RAMAC, mashine ya kwanza ya biashara iliyotunza kumbukumbu kwenye diski zinazozunguka. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5, nafasi inayotosha wimbo mmoja kwenye flashi ya leo. Jambo la kukumbuka ni kanuni yake: sahani inazunguka, na mkono wenye kichwa cha kusomea unasogea kuifuata habari mahali ilipo. Sahani ziliendelea kupungua ukubwa na nafasi ikaongezeka mara nyingi mno, lakini kanuni hiyo ilidumu kwa zaidi ya nusu karne, na uzito wa kompyuta tuliouzoea ulitokana nayo.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mashine nyingine chache zilifuata kwenye taasisi za umma, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini bila kibali. Sababu zinazotajwa ni mbili. Wengine husema uamuzi huo ulitokana na hasara na vurugu ya mahesabu iliyoipata Hazina kwa kuitegemea mashine ambayo watumishi hawakuandaliwa kuitumia. Wengine huelekeza kidole kwenye uhaba wa fedha za kigeni, kwa kuwa bei ya mafuta ilipanda ghafla mwishoni mwa 1973 na ukame ukailazimisha nchi kununua chakula nje. Naona sababu ya kwanza ndiyo iliyowasha moto, na ya pili ndiyo iliyouweka hai kwa miaka mingi, maana marufuku ya aina hiyo haidumu kwa kumbukumbu ya hasara peke yake.

Masharti hayo yalilegezwa taratibu katika miaka ya 1980, biashara ilipoanza kufunguliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakawa yamekwisha. Chuo cha ufundi kilichofunguliwa Mbeya mwaka 1986, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kikawa miongoni mwa mahali ambapo vijana wa Nyanda za Juu Kusini waliizoea mashine hiyo. Iringa nayo ikajaa wanafunzi wa vyuo vikuu, Mkwawa na vingine. Lakini mtu wa kawaida bado hakuwa na sababu ya kumiliki kompyuta. Sababu hiyo ililetwa na nyaya za baharini: SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukasogeza intaneti hadi mikoani. Muda si mrefu maombi ya chuo, ya mkopo wa elimu ya juu na ya ajira serikalini yakaanza kujazwa mtandaoni, na kila mtaa ukahitaji steshenari yenye kompyuta na printa.

Mashine za steshenari hizo zilikuwa kwa sehemu kubwa za mtumba. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, na zile za zamani husafirishwa hadi Dubai au moja kwa moja hadi Dar es Salaam, zikauzwa Kariakoo, kisha zikapanda mlima wa Kitonga kuja Iringa na Mbeya. Zilikuja na diski za kuzunguka ambazo tayari zilikuwa zimetumika maelfu ya saa, na zilikufa kwa wingi. Watu walitafuta maelezo. Wapo waliolaumu mwinuko, kwa kuwa kichwa cha diski huelea juu ya sahani kwa kutegemea hewa, na hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani. Kanuni hiyo ni ya kweli, ila viwanda huruhusu diski nyingi zitumike hadi takriban mita 3,000, na Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi. Wengine walilaumu barabara. Hilo nalo lina ukweli wa nusu tu, kwa sababu diski iliyozimwa huegesha kichwa chake kando ya sahani na kuvumilia mtikisiko mkubwa. Kinachoiumiza ni kuhamishwa meza hadi meza ikiwa inazunguka. Maelezo yenye nguvu zaidi ni umri, yakifuatiwa na umeme uliokatika bila taarifa, hasa katika miaka ya mgawo kama 2006 na 2011.

Hata diski nzima, isiyo na kasoro, ilianza kuelemewa. Diski ya kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Ukiongeza muda wa mkono kusogea, inaweza kwenda mahali tofauti kama mara 60 tu kwa sekunde. Kwa Window za zamani, zilizokuwa na kazi chache za chinichini, hilo lilitosha. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilikuja na kazi nyingi za chinichini: masasisho, ulinzi dhidi ya virusi, kupanga orodha ya mafaili. Kila kazi iliuvuta mkono uleule upande wake. Mteja aliyeleta cheti kiskaniwe alisimama akiangalia kiduara kikizunguka kwenye kioo huku taa ya diski ikiwaka bila kuzima.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana Japani zamani. Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba, alionyesha mwaka 1984 chipu inayotunza habari bila umeme, na mwaka 1987 ikatangazwa aina yake iitwayo NAND, ambayo ndiyo mama wa flashi, memori kadi na SSD zote za leo. Ndani yake hakuna kinachozunguka. Habari ni chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye seli ndogo sana, na kidhibiti huifikia seli yoyote kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kikwazo kilikuwa fedha. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye ilijiita SanDisk, iliuza diski ya aina hii yenye megabaiti 20 kwa takriban dola 1,000. Mwaka 2008 Intel ilitoa ya gigabaiti 80 kwa dola 595. Ilisifiwa sana, lakini kwa bei hiyo haikuwa kifaa cha steshenari.

Ili bei ishuke, viwanda vilibana habari nyingi zaidi ndani ya seli ileile. Mwanzoni seli ilibeba biti moja, ikaja mbili, ikaja tatu, na kuanzia mwaka 2018 biti nne zikaingia kwenye diski za watu wa kawaida. Fikiria ndoo ya maji. Biti moja inataka ujue tu kama ndoo imejaa au ni tupu, lakini biti nne zinataka uchore mistari na kutofautisha vina 16, kwa hiyo kuijaza huchukua muda zaidi, na tone likivuja linaweza kukudanganya. Ndiyo maana diski ya biti nne huandika polepole na huchoka mapema kuliko ya biti tatu, hata kama kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni moja.

Kitu cha pili kilichotolewa ni ramu ndogo iliyokuwa ndani ya diski kwa ajili ya kutunza ramani ya mahali kila habari ilipo. Kingston A400 ya mwaka 2017 na Crucial BX500 ya mwaka 2018, ambazo ndizo mfano halisi wa SSD ya bei nafuu, hazina ramu hiyo. Kitu cha tatu ni uhakika wa kilichomo. Mwaka 2021 wapimaji waligundua kwamba Crucial P2 na WD Blue SN550 zilikuwa zimebadilishiwa chipu za ndani zikawa za polepole, huku jina likibaki lilelile. Iwapo kampuni kubwa hufanya hivyo, diski isiyo na jina la kueleweka inaweza kuwa na chochote.

Bei haikushuka kwa mstari ulionyooka. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda vya diski za kuzunguka na kuzipandisha bei, jambo lililoipa SSD nafasi ya kukaribia. Mwaka 2016 na 2017 chipu za NAND zenyewe zikaadimika, kisha zikashuka sana kufikia 2019, na tena mwaka 2023. Ni katika kipindi hicho SSD ilipokuwa kitu cha kawaida kwenye meza za mafundi wa Soweto. Wengi husema bei pekee ndiyo iliyoleta mabadiliko. Mimi naongeza uzito wa Windows 10, na vilevile tabia ya ofisi za ng'ambo kutoa na kuharibu diski kabla ya kuuza kompyuta, kwa kuogopa siri zao kusambaa. Mashine iliyofika bila diski ilibidi iwekewe nyingine, na hapo mnunuzi alilazimika kuchagua.

Je, mtumiaji wa kawaida anapoteza nini kwa kuchagua ya bei nafuu? Tuchukue uimara. Kingston huitaja A400 ya gigabaiti 240 kuwa inastahimili kuandikiwa terabaiti 80. Steshenari inayoandika gigabaiti 20 kila siku itafika huko baada ya siku 4,000, yaani karibu miaka 11, na kompyuta yenyewe itakuwa imekufa kabla. Hata kibanda cha kuingiza muvi na nyimbo hakiichoshi kama watu wanavyodhani, kwa sababu muvi huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, na kusoma karibu hakuichakazi seli. Kibanda hicho hubaki na diski ya kuzunguka kwa sababu nyingine: kinahitaji terabaiti nyingi kwa bei ndogo. Upungufu wa SSD rahisi hujitokeza unapomwaga mafaili makubwa mfululizo. Gigabaiti za mwanzo hukimbia, kisha sehemu yake ya haraka ikijaa, kasi huanguka, na zile za biti nne huweza kuwa nzito kuliko diski ya zamani. Mwalimu wa Iringa anayeandika mitihani na kufungua intaneti hatakutana na hali hiyo hata mara moja kwa mwezi.

Hatari halisi zipo kwingine, na ya kwanza ni bandia. Wateja hupenda kuipima SSD kwa mkono, ikiwa nyepesi wanaikataa. Wepesi si ushahidi. Ukifungua SSD halali ya bei nafuu utakuta kibao cha sakiti kisichojaza hata nusu ya kasha, chenye chipu mbili au nne, na sehemu iliyobaki ni tupu. Ya bandia huweza kuwa na memori kadi iliyogundishwa ndani, na kidhibiti kilichofundishwa kudanganya: kinaiambia kompyuta kuna terabaiti 2, nafasi ya kweli ikijaa kinaandika juu ya mafaili ya zamani, na mwenye picha hagundui mpaka siku anapozifungua. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweza kuzima simu bandia nchi nzima kwa kuwa kila simu hujitambulisha mtandaoni kwa namba yake. Diski haijitambulishi popote, kwa hiyo kazi ya kukagua inabaki kwa mnunuzi na fundi wake. Programu ya bure ya H2testw, kutoka Ujerumani, hujaza diski yote na kuisoma upya. Huchukua saa kadhaa, na fundi mwenye foleni hapendi, lakini mteja ana haki ya kuomba ifanywe kabla hajalipa.

Hatari ya pili ni namna inavyokufa. Diski ya kuzunguka mara nyingi hutoa ishara, ikagonga au ikaanza kukwama, na mwenyewe akapata siku chache za kuokoa kazi. SSD iliyoharibika kidhibiti inaweza kupotea leo saa nne asubuhi bila kuonekana hata kwenye ukurasa wa kuwashia. Zile rahisi hazina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika ramani umeme unapokatika, na kompyuta nyingi za mtumba zina betri zilizokufa. Anayebadilisha diski bila kununua UPS, au bila kuweka nakala ya pili kwenye ile diski kuukuu iliyotolewa, ameongeza kasi na kupunguza usalama.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi za mtumba za kabla ya 2018 hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Wakati huohuo vituo vya akili mnemba vimeanza kununua chipu za kumbukumbu kwa wingi, na bei zake zimegeuka kupanda. Kwa hiyo kwenye droo za mafundi zinaonekana SSD zilizotolewa kwenye mashine nyingine. Usizidharau. Programu ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ilizofanya kazi, kiasi ilichoandikiwa na asilimia ya afya iliyobaki, na kwa shilingi zilezile ningechukua Samsung kuukuu yenye asilimia 90 kuliko mpya ya terabaiti 2 ambayo muuzaji hataki ipimwe.