Muundo

Muundo ni nomino itokanayo na kitenzi unda, yaani kutengeneza kitu kwa kuunganisha sehemu zake. Katika hisabati, neno hili hutaja namna sehemu za mfumo zinavyohusiana, uwe mkubwa au mdogo.

Maana hiyo huonekana katika modeli za umeme. Kwa mfano, mwaka 2018 mji wa Songea, Tanzania, uliunganishwa na gridi ya Taifa kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Modeli kamili ya gridi kama hiyo, kuanzia mitambo ya kuzalisha hadi transfoma za vijijini, tuseme Mpepai wilayani Mbinga, huwa na milinganyo mingi mno. Panapokuwa na mabadiliko madogo tu, milinganyo hiyo huchukuliwa kuwa ya mstari, kisha hupunguzwa.

Kupunguza kiholela kuna hatari: mfumo tulivu unaweza kuonekana unayumba, au nyaya zikaonekana zinazalisha nishati. Njia yenye jina la mhandisi Gabriel Kron (1901–1968) huondoa nodi, yaani viungo vya nyaya, zisizoingizwa mkondo kutoka nje. Zilizobaki huunganishwa kwa nyaya za kinadharia, na matokeo yake ni mtandao halali. Kwa milinganyo ya mwendo wa mitambo, vekta zilezile za kupunguzia hutumika pande zote mbili za kila matriksi, hivyo matriksi linganifu hubaki linganifu.

Kupunguza modeli, basi, ni kupunguza idadi ya milinganyo. Kuhifadhi muundo ni kuhakikisha milinganyo iliyobaki inaeleza mfumo wa aina ileile.