Kiwanda cha nyumba ya Lamu

Kiwanda ni ua usio na paa ndani ya nyumba ya mawe ya Waswahili, hasa zile za Lamu za karne ya 18. Aghalabu huelezwa kuwa ni ua wa Cairo au Damascus ulioletwa na wahamiaji. Undugu upo, lakini ramani ya nyumba yenyewe inaipinga hoja hiyo. Kule Cairo na Damascus vyumba huuzunguka ua, nao ndio kitovu cha maisha ya nyumbani. Lamu kiwanda kiko upande wa mbele. Mgeni wa kawaida huishia dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, kwenye baraza za mawe. Anayeruhusiwa kupita huingia tekani, ambako ukuta unamziba asione ndani, ndipo atokee kiwandani. Kutoka hapo vyumba virefu vyembamba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa kwanza, msana wa pili, kisha ndani, chumba cha wenye nyumba, penye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka, za chokaa iliyochongwa. Kila hatua mwanga hupungua, na wanaoruhusiwa hupungua pia.

Wapo wanaosema mpango huu ni kazi ya boriti tu. Ni kweli kwamba boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kupita upana wa mita 3 hivi, ila vyumba vyembamba vingeweza vilevile kupangwa kuuzunguka ua. Wengine, wakitaka kuonyesha kuwa ua uliletwa, hutaja majumba ya Unguja yenye ua wa katikati. Mengi ya hayo ni ya karne ya 19, enzi ya utawala wa Waomani, ilhali Gede, mji wa Waswahili uliohamwa mapema karne ya 17, tayari una nyumba zenye ua mbele, sebule ikifuata, na vyumba vya kulala nyuma. Hoja nzito zaidi ni ya dini, kwamba ua ulitokana na stara ya Kiislamu: Sura ya An-Nur katika Kurani inaagiza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Hata hivyo Sana'a, mji wa Waislamu tangu zamani, hujenga maghorofa marefu yasiyotegemea ua, na stara haikosekani. Hata Lamu stara haikuachiwa kiwanda peke yake: penye wikio, chumba cha juu kinachovuka kichochoro, wanawake wa ukoo mmoja hutembeleana bila kushuka njiani.