Ngoma ya London na Bembelezi ya Mto Tana

Katika nchi ya Mto Tana, pande zile za chini ambako njia itokayo Malindi hupita Garsen kabla ya kuelekea Lamu, kuna vitu viwili vya sanaa vilivyosafiri mbali kuliko watu waliovizaa: kimoja ni ngoma, na cha pili ni wimbo wa kumbembeleza mtoto. Asili ya vyote viwili ni Wapokomo, wakulima na wavuvi ambao tangu dahari wamepanda mpunga na migomba katika ardhi ifurikiwayo na mto. Lakini majaaliwa ya vitu hivyo hayakuwa sawa, na tofauti hiyo yastahili kutazamwa na kila msanii aalikwaye leo kukaa ugenini na kufanya kazi na wenziwe.

Ngoma yenyewe huitwa ngadji. Ilichongwa katika gogo la mti, ikawa amana ya Wakijo, wazee wa chama cha siri walioshika hukumu na ada za watu wao. Na asiyeingizwa chamani hakuwa na ruhusa kuiona, bali aliusikia mngurumo wake kwa mbali akajua kuwa wakubwa wamekutana. Takriban mwaka 1902 maofisa wa serikali ya Kiingereza waliitwaa, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London, ikawekwa ghalani. Haikwenda na mpigaji wala na mzee wa kuieleza, na hakuna aliyeulizwa iwapo yafaa iondoke. Hivyo, ingawa imekaa ughaibuni kwa zaidi ya karne nzima, haikuweza kuwafunza wenyeji wake wa London lolote ila umbo la mti wake, na wajukuu wa waliokuwa wakiilinda walipojaliwa kuiona tena, waliiona kwa idhini ya wageni.

Wimbo ulipata bahati nyingine. Mwaka 1963, uhuru wa Kenya ulipokaribia, waliteuliwa wanamuziki watano kutunga wimbo wa taifa: Graham Hyslop, Mwingereza mjuzi wa muziki aliyewahi kuandika michezo ya kuigiza kwa Kiswahili, George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Thomas Kalume, mtu wa pwani, Peter Kibukosya, na Washington Omondi, ambaye baadaye aliongoza tume ya kitaifa ya kuchunguza muziki wa Kenya. Hawa, badala ya kuazima lahani ya Ulaya, waliichukua sauti ya bembelezi ya Kipokomo, iliyowafikia kwa Mzee Meza Morowa Galana wa Makere ya Gwano, wakaipanga kwa bendi na kwaya, wakaitungia beti tatu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza; na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba mwaka huo, bendera ya Mwingereza ilipoteremka, sauti ambayo akina mama wa mtoni walikuwa wakiwalaza nayo watoto iliisimamisha halaiki ya watu.

Kilichoutofautisha wimbo na ngoma si ubora wa sanaa, kwani ngadji ilikuwa na taadhima kubwa zaidi kwa wenyewe. Wimbo ulipata wenzi. Sauti yake ilikuwa imekwisha kupimwa na vizazi vya wazazi. Wale watano walikuwa na ilimu ya kuandika muziki na kuoanisha sauti za waimbaji wengi. Na kazi iliyotoka mikononi mwao isingaliweza kufanywa na upande mmoja peke yake. Hata hivyo insafu haikutimia, maana majina ya wale watano yameandikwa na kukaririwa, ilhali jina la mzee wa Makere limetajwa kwa uchache, na wengi waimbao hawajui kabisa kwamba wanaimba sauti ya Kipokomo.

Karibu na zama zetu, kuanzia mwaka 2018, wasanii wa kundi la Nest Collective la Nairobi na wa kundi la SHIFT, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na majumba mawili ya makumbusho ya Ujerumani, ya Cologne na Frankfurt, walishirikiana kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyohifadhiwa ng'ambo mfano wa ngadji, wakapata zaidi ya 32,000, na mwaka 2021 natija ya kazi yao ikaonyeshwa katika miji yote mitatu. Hapo msanii wa Kenya hakwenda Ulaya kutazamwa, bali kuuliza na kuandika pamoja na mwenyeji wake.

Kwa hiyo mwaliko wa ugenini wapaswa kuanzia hapo. Kabla ya mwenye ghala la London kumwita msanii yeyote kuitungia ngadji kazi mpya, na awaite kwanza wazee na wapiga ngoma wa Ngao na Garsen, huko Mto Tana, wawe wao wa kuamua kipi kionyeshwe, kipi kisitiriwe na kipi kirudi nyumbani. Kwani ushirika usio na hiari ya mwenye mali ni unyang'anyi uliovishwa adabu.