Kiyiddi na Kisuba: Lugha Hufaje?
Watahiniwa wengi huandika kwamba lugha hufa wasemaji wake wanapokufa. Ndivyo Kiyiddi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kilivyopata pigo: kufikia 1945, Wanazi walikuwa wameua mamilioni ya wasemaji wake. Kisuba cha visiwa vya Rusinga na Mfangano, kwa upande wake, kilididimia bila vita. Wasuba walioana na Wajaluo, wakafanya biashara, wakasoma na kusali kwa Kijaluo. Kisuba kikabakia kwa wazee. Hata hivyo, Kiyiddi kiliendelea kuandikwa, na mwaka wa 1978 Isaac Bashevis Singer akatuzwa Nobel. Kisuba hakina akiba kama hiyo ya vitabu. Fasihi yake imo vinywani. Mwalimu, unapowatuma wanafunzi nyanjani kukusanya methali, waambie wamuulize nyanya: ilisemwaje kwa Kisuba?