Dirisha la Pauni 500

Mwaka 1948, David Tasma, mkimbizi Myahudi kutoka Poland, alikuwa akifa kwa saratani katika hospitali ya London. Aliyekuja kukaa naye ni Cicely Saunders, muuguzi aliyegeuka ofisa wa ustawi wa jamii. Walizungumza sana kuhusu nyumba ya kuwatunzia watu walio katika hali kama yake. Tasma alimwachia pauni 500, ziwe dirisha la nyumba hiyo.

Saunders alirudi masomoni, akawa daktari, na mwaka 1967 akaifungua nyumba hiyo, Hospisi ya St Christopher's. Humo mgonjwa hakungojewa alie ndipo apewe mofini. Alipewa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi.

Florence Wald, mkuu wa shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alimsikia Saunders akihutubu huko mwaka 1963. Aliacha cheo chake ili ajenge hospisi ya aina hiyo nchini mwake, na mwaka 1974 hospisi ya Connecticut ikaanza kazi. Wauguzi wake waliwafuata wagonjwa majumbani.

Nani alipe? Bima zilizoea kulipia vitanda na upasuaji. Hospisi ziliishi kwa michango, ruzuku na watu wa kujitolea, hadi Bunge la Marekani lilipopitisha sheria mwaka 1982. Kuanzia Novemba 1983, Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ikazilipa hospisi kwa siku. Fedha hizo ndizo zilizoifanya huduma ya wachache kuwa haki ya mamilioni.

Ila sheria ilikuja na mstari: madaktari wawili wathibitishe kwamba ugonjwa, ukifuata mwendo wake, hautampa mgonjwa zaidi ya miezi sita, naye akubali kuacha tiba ya kuuponya. Mwanzoni malipo yalikoma siku ya 210. Kikomo hicho kiliondolewa baadaye. Sasa anayepitisha miezi sita hupimwa upya, na huendelea ikiwa bado anatimiza sharti hilo. Mstari huo ulichorwa wakati wagonjwa wengi wa hospisi walikuwa wa saratani. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, anayedhoofika polepole kwa miaka, ni kipimo kibaya, na wengi bado huingizwa hospisi siku chache tu kabla ya kufa.

Medicare hulipia wauguzi, dawa za maumivu, kitanda cha nyumbani, hata faraja kwa wafiwa. Hailipi mtu wa kushinda na kukesha na mgonjwa; kazi hiyo huwaangukia mke, binti, mkwe. Mwenye mzazi anayeugua Marekani amuulize daktari kuhusu hospisi mapema, mzazi angali na nguvu za kusema anachotaka.