Betri Mbili katika Gari Moja: Historia na Istilahi

Neno 'betri' limetufikia kutoka Kiingereza, na huko nyuma lilikuwa neno la vita. Mwaka 1749 Benjamin Franklin aliunganisha vyombo kadhaa vya kuhifadhi umeme, akaupa mkusanyiko huo jina lililotumika kwa safu ya mizinga. Baada ya Alessandro Volta kutangaza, mwaka 1800, rundo lake la visahani vya metali lizalishalo umeme, jina hilo likahamia huko. Sisi nasi tumeliongezea mzigo: kijiwe cha tochi na sanduku zito la gari vyote twaviita betri.

Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, nayo ndiyo ya kwanza iliyoweza kuchajiwa tena. Kazi yake ya awali ilikuwa kutoa umeme kwa muda mrefu, mathalani kwa taa. Lakini mwaka 1912 Cadillac walipouza magari yenye mota ya kuwashia injini, iliyobuniwa na Charles Kettering, ilihitajika betri ya tabia nyingine: itoayo nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ichajiwe mara moja na injini. Hapo dhana ziliachana, ila jina likabaki moja.

Tofauti hiyo hudhihirika katika magari ya kuishi yapendwayo na wasafiri wa Marekani, yaani yale yenye vitanda, jiko na jokofu. Aghalabu mna betri ya kuwashia injini, yenye mabamba mengi membamba, na nyingine ya taa na vyombo gari liegeshwapo, yenye mabamba manene yastahimiliyo kutumika sana na kuchajiwa tena. Aitumiaye ya kwanza kwa kazi ya pili huiua upesi. Mnunuzi wa hii ya pili hutazama idadi ya ampea-saa, na iwapo ni ya risasi, hushauriwa asitumie zaidi ya nusu ya uwezo wake. Ikiachwa bila chaji, mabamba huota fuwele za salfeti.

Mfasiri wa miongozo ya matunzo hana budi kujihadhari pia na 'maji ya betri'. Wako waelewao kuwa ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyovukizwa na kupozwa. Wako waelewao kuwa ni tindikali. Katika matumizi ya kawaida kipunguacho ni maji. Atiaye tindikali badala yake huharibu mabamba, na huenda akajiunguza. Basi na iandikwe wazi: 'maji yaliyokenekwa'.

Kuhusu betri zenyewe, tumeipima 'betri ya nyumba', ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno, tukaona itampeleka msomaji kwenye nyumba ya matofali. Tunapendekeza 'betri ya kuwashia' na 'betri ya matumizi'. Majina haya yanataja kazi, si malighafi. Betri za lithiamu na fosfeti ya chuma, zilizotokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na John Goodenough na wenzake, hazina risasi wala hazitiwi maji; hata hivyo zikifungwa katika gari la kuishi kwa ajili ya taa na jokofu, zitabaki kuwa betri za matumizi. Istilahi iliyojengwa juu ya kazi haichakai malighafi inapobadilika.