Maharaja wa India na wasanii wa Ulaya: jumba la Manik Bagh, kidani cha Patiala na swali la nani alilipa

Katika jiji la Indore, katikati ya India, kuna jengo la serikali linalotumika kama ofisi ya kodi na ushuru. Jina lake ni Manik Bagh, yaani Bustani ya Yakuti. Miaka ya 1930 jengo hilo lilikuwa nyumba ya mfalme kijana, na ndani yake kulikuwa na viti, taa, mazulia na vitanda vya wabunifu waliokuwa wakibadilisha sura ya nyumba za Ulaya. Leo ukitaka kuviona vitu hivyo, itabidi uvitafute kwa wakusanyaji binafsi na katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingine.

Vilifikaje Indore, na viliondokaje? Katika makala hii tunaeleza jinsi wafalme wa India walivyokuwa miongoni mwa wateja muhimu wa sanaa na usonara wa kisasa wa Ulaya, na kwa nini habari hiyo haiishii kwenye anasa peke yake.

Maharaja walikuwa nani?

Wakati wa ukoloni, Waingereza hawakuitawala India yote moja kwa moja. Zaidi ya madola 560, makubwa na madogo, yalibaki chini ya watawala wa jadi. Mengine yalikuwa na ukubwa wa nchi kamili, mengine yalikuwa vijiji vichache tu. Mtawala wa Kihindu kwa kawaida aliitwa raja au maharaja, na wa Kiislamu nawabu au nizamu.

Waingereza waliwaachia watawala hawa ukusanyaji wa kodi, mahakama za ndani na heshima za jadi. Waliwapangia hata idadi ya mizinga ya kuwapokea: wakubwa kabisa walipigiwa 21, na maharaja wa Indore 19. Lakini mambo ya nje na ulinzi yalikuwa mikononi mwa Uingereza, na katika madola makubwa aliwekwa afisa Mwingereza aliyefuatilia kila jambo. Wasomaji wetu wa Zanzibar watautambua mpango huo: sultani yuko kwenye kiti, na mwakilishi wa Uingereza yuko pembeni yake.

Hapo ndipo penye mzizi wa habari yetu. Watu hawa walikuwa na fedha nyingi na madaraka yenye mipaka. Hawakuruhusiwa kufunga mikataba na dola la nje, lakini waliweza kufunga mkataba na sonara wa Paris.

Kijana wa Indore

Yeshwant Rao Holkar wa Pili alizaliwa mwaka 1908. Alipata ufalme mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 17, na si kwa sababu baba yake alifariki. Mwaka mmoja kabla, mfanyabiashara mmoja aliuawa mjini Bombay na watu waliojaribu kumteka mwanamke aliyekuwa ametoroka kutoka nyumba ya kifalme ya Indore. Waingereza walimpa baba, Tukoji Rao wa Tatu, mambo mawili achague: kuchunguzwa na tume au kuachia kiti. Akaachia kiti. Kwa hiyo mtoto alijua mapema nani hasa alikuwa na neno la mwisho.

Alisoma Oxford, Uingereza, na huko akakutana na kijana Mjerumani, Eckart Muthesius, mtoto wa msanifu majengo mashuhuri Hermann Muthesius. Walipishana miaka minne tu kwa umri. Maharaja alipokabidhiwa madaraka kamili mwaka 1930, alimpa rafiki yake kazi ya kumjengea na kumpambia nyumba. Muthesius alikuwa na umri wa miaka 26.

Manik Bagh haikufanana na majumba mengine ya kifalme ya India. Hapakuwa na kuba wala nguzo zenye nakshi. Kuta zilikuwa tupu na nyororo, madirisha ya chuma, vyumba vyenye mwanga mwingi. Kulikuwa na viyoyozi, jambo la nadra sana wakati huo na la maana katika jiji lenye joto kali. Vifaa na samani nyingi zilitengenezwa Ulaya na kuletwa kwa meli.

Orodha ya waliotoa kazi zao inashangaza hata leo. Émile-Jacques Ruhlmann wa Paris alitengeneza samani za ofisi. Louis Sognot na Charlotte Alix walitengeneza vitanda vya chuma na kioo. Eileen Gray, mbunifu kutoka Ireland, alitoa kiti chake kilichobuniwa kwa kufuata viti vya sitaha ya meli. Kulikuwa na kiti cha kulalia cha Le Corbusier, Pierre Jeanneret na Charlotte Perriand, mazulia ya Ivan da Silva Bruhns na vyombo vya fedha vya Jean Puiforcat. Muthesius mwenyewe alibuni sehemu kubwa ya taa na samani nyingine.

Maharaja na mkewe, Maharani Sanyogita Devi, walipigwa picha na Man Ray, Mmarekani aliyeishi Paris. Mchoraji Mfaransa Bernard Boutet de Monvel alimchora maharaja mara mbili kwa namna tofauti. Katika picha ya kwanza amevaa suti nyeusi ya jioni na joho, kama bwana yeyote wa Paris. Katika ya pili, ya miaka michache baadaye, ameketi juu ya kiti cha enzi kwa mavazi meupe ya Wamaratha, na kilemba na vito vyake. Picha hizo mbili ukiziweka pamoja zinaeleza mengi. Hakuwa Mhindi aliyegeuka Mzungu. Alikuwa mtu aliyevaa nguo zote mbili na kuziona zote ni zake.

Ndege watatu na hekalu lisilojengwa

Mshauri wa maharaja mjini Paris alikuwa Henri-Pierre Roché, mwandishi na mpenzi wa sanaa. Roché ndiye aliyemfikisha kwa mchongaji sanamu Constantin Brancusi, mzaliwa wa Romania.

Kazi maarufu ya Brancusi ni ndege anayepaa, asiye na mabawa wala manyoya, umbo jembamba tu linaloelekea juu. Moja ya sanamu hizo ilikuwa imezua kesi nchini Marekani. Maafisa wa forodha walikataa kwamba ni sanaa, wakaitoza ushuru wa asilimia 40 kama bidhaa ya chuma. Mwaka 1928 mahakama iliamua kwamba ni sanaa kweli.

Maharaja wa Indore alinunua ndege watatu: mmoja wa shaba iliyong'arishwa, mmoja wa marumaru nyeupe na mmoja wa marumaru nyeusi. Ukaja mpango wa kuwajengea hekalu dogo la kutafakari huko Indore, mahali pa utulivu penye bwawa la maji, ambapo mtu angeingia peke yake.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1937 Maharani Sanyogita alifariki nchini Uswisi, akiwa bado kijana. Mwishoni mwa mwaka huohuo Brancusi alisafiri hadi India kwa ajili ya hekalu, lakini kazi haikuanza. Alirudi Paris mapema mwaka 1938, na hekalu halikujengwa kamwe.

Vito: biashara ya pande mbili

Kabla ya samani, kulikuwa na vito. Mwaka 1911 Jacques Cartier, mmoja wa ndugu watatu wa nyumba ya masonara ya Cartier, alikwenda India wakati Mfalme George wa Tano alipotawazwa Delhi kuwa mfalme wa India. Katika safari hiyo alifika pia Ghuba, hadi Bahrain, kutafuta lulu.

Cartier alikuta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Maharaja walitaka vito vyao vya ukoo, vilivyokuwa vimewekwa katika dhahabu, vipangwe upya katika platinamu kwa mtindo wa Paris. Wakati huohuo, wanawake matajiri wa Paris na New York walivutiwa na zumaridi na yakuti za India zilizochongwa umbo la majani na matunda. Mitindo ilikwenda na kurudi, na masonara wa Ulaya walijifunza India kama walivyoiuzia.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa Bhupinder Singh, maharaja wa Patiala katika eneo la Punjab. Mwaka 1928 aliipelekea nyumba ya Boucheron ya Paris almasi 7,571 na zumaridi 1,432, akaagiza mapambo 149. Mwaka huohuo Cartier walikamilisha kidani chake maarufu: almasi 2,930 katika platinamu, zikiwa zimepangwa safu kwa safu mpaka kifuani.

Katikati ya kidani ilining'inia almasi ya De Beers yenye karati zaidi ya 234. Jiwe hilo lilitoka Kimberley, Afrika Kusini, mwaka 1888. Tunalitaja kwa makusudi. Anayetazama picha ya maharaja huona India na Ufaransa. Afrika nayo imo, lakini haitajwi mara kwa mara. Mchimbaji wa Kimberley, sonara wa Paris na mfalme wa Punjab waliunganishwa na jiwe moja, na mmoja kati yao hakulivaa wala hakulipwa sawasawa na thamani yake.

Nani alilipa?

Fedha za maharaja zilitokana kwa sehemu kubwa na kodi ya ardhi, yaani jasho la wakulima. Hilo halifichiki, na wapigania uhuru wa India walilisema waziwazi wakati uleule.

Hata hivyo, hesabu haikuwa sawa kila mahali. Huko Jodhpur, eneo kame la Rajasthan, Maharaja Umaid Singh alianza mwaka 1929 kujenga jumba kubwa mno, ambalo lilikamilika mwaka 1943. Msanifu wake alikuwa Mwingereza, Henry Vaughan Lanchester, na kuta za ndani zilichorwa na Stefan Norblin, msanii wa Poland aliyeikimbia vita nchini mwake. Ujenzi huo uliwapa kazi maelfu ya watu waliokabiliwa na ukame na njaa, na ndiyo hoja inayotolewa mpaka leo kuutetea. Ni hoja yenye uzito. Lakini mtu anaweza pia kuuliza kama mabwawa na visima visingewafaa wakulima hao zaidi kuliko jumba la vyumba zaidi ya 300.

Kwa upande mwingine, wasanii wa Ulaya walifaidika kwa njia ambayo haikuandikwa sana. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwapunguza wateja matajiri wa Ulaya na Marekani. Oda ya mfalme mmoja wa Indore iliwapa kazi mabingwa wa karakana za Paris na Berlin katika miaka migumu. Tukizoea kusikia kwamba usasa ulitoka Ulaya kwenda kwingine, ni vizuri kukumbuka kwamba sehemu yake ililipiwa na India.

Kila kitu kiliishia wapi?

India ilipata uhuru mwaka 1947. Mwaka 1948 Indore iliunganishwa katika jimbo jipya la Madhya Bharat. Watawala wa zamani walibaki na vyeo na posho ya kila mwaka kutoka serikalini, hadi posho hiyo na vyeo vilipofutwa mwaka 1971. Yeshwant Rao alikuwa amefariki Bombay mwaka 1961.

Ndege wawili wa marumaru sasa wako Canberra, katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya Australia. Yule wa shaba yuko Pasadena, California, katika Makumbusho ya Norton Simon. Samani za Manik Bagh ziliuzwa katika mnada mjini Monaco mwaka 1980. Zilionekana tena pamoja kwa wingi katika maonyesho makubwa mjini Paris mwaka 2019.

Kidani cha Patiala kilitoweka kwenye hazina ya kifalme karibu mwaka 1948. Almasi ya De Beers ilijitokeza peke yake katika mnada wa Geneva mwaka 1982. Mwaka 1998 minyororo ya kidani, bila mawe yake makubwa, ilikutwa London. Cartier wakainunua na kuitengeneza upya, wakijaza mapengo kwa mawe ya bandia. Kinachoonyeshwa leo ni kidani cha kweli chenye mawe makubwa yasiyo ya kweli.

Wakazi wa Indore walibaki na jengo. Ni mali ya umma sasa, na kodi inayopokelewa humo haiendi kununua viti vya Paris. Wapo watakaosema hiyo ndiyo haki. Wapo pia watakaosema kwamba vitu vilivyonunuliwa kwa kodi ya babu zao vilistahili kubaki mahali ambapo wajukuu wangeweza kuviona. Sisi tunaona kwamba kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli, na kwamba swali hili haliihusu India peke yake. Popote palipokuwa na mtawala, hazina na mnada, watu wanaweza kuuliza vilinunuliwa kwa fedha za nani, na sasa viko kwa nani.